Rangi iliyo juu ya jiwe: jinsi ya kuitambua na kuitunza

Shangazi wa bi harusi alinikuta kwenye meza yangu ya usonara hapa Arusha, mwaka wangu wa tatu kazini. Alikuwa na pete ya fedha aliyoletewa kutoka Dubai, jiwe lake likigeuka kijani, zambarau na waridi kila unapolichezesha. "Mwanangu, nipanulie kidogo, kidole kimenenepa, na harusi ni Jumamosi." Nikalitoa jiwe, nikaikata pete, nikaongeza kipande, nikachomelea, nikalirudisha jiwe mahali pake. Kisha nikaipeleka pete nzima kwenye mashine ya kung'arisha, nje na ndani, kama nilivyofundishwa. Nilipoigeuza, katikati ya jiwe palikuwa peupe kama kioo cha dirisha.

Jiwe lile lilikuwa topazi, na topazi ni ngumu: ina 8 kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10. Ugumu huo ndio niliouamini. Sikujua kwamba topazi yenyewe haikuwa na rangi yoyote, na kwamba ule upinde wa mvua ulikuwa utando wenye titani, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana, uliowekwa kiwandani upande wa chini wa jiwe, ule unaoelekea kidole. Rangi zake huzaliwa kama zile za mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi: mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi nyingine zikazimana, nyingine zikakolea. Ukikwangua utando, hakuna kilichobaki cha kutoa rangi. Pete ilikuwa wazi kwa chini, na gurudumu la kitambaa lilipita hapo hapo.

Nilimlipa shangazi jiwe lingine. Lile lililoharibika ninalo mpaka leo kwenye droo, na kila mteja anayeniletea jiwe la aina hiyo namwonyesha.

Sasa, usije ukaogopa kila jiwe ambalo rangi yake imeguswa na mtu. Tanzanaiti zetu za Mirerani karibu zote huchomwa. Jiwe hutoka ardhini likiwa na ukahawia, likapashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi, likatoka na buluu na urujuani. Rangi hiyo imo ndani ya jiwe, haifutiki, na ukilikata vipande viwili vyote vitakuwa na rangi hiyo. Topazi za buluu zilizojaa madukani nazo nyingi hupigwa mionzi kisha zikapashwa moto, na buluu yake inadumu. Kupakwa ni jambo jingine kabisa.

Na tanzanaiti nayo hupakwa. Mwaka 2008 maabara za vito za Marekani zilikuta tanzanaiti zilizopakwa utando wenye kobalti ili buluu hafifu ionekane nzito. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa. Dalali anakuzungushia jiwe kwenye mwanga, unaona buluu upande huu na urujuani upande ule, unaridhika. Hiyo ni dalili nzuri kwamba umeshika tanzanaiti. Haikuambii kama imepakwa, kwa sababu chini ya rangi ni tanzanaiti ile ile, ila hafifu.

Kinachosema ni kingo. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, simama penye mwanga wa mchana, uangalie mistari ambapo nyuso mbili za jiwe zinakutana. Hapo ndipo utando huchubuka kwanza. Ukiona vijistari vyeupe, au alama ndogo zisizo na rangi huku pande zote zina rangi, una jiwe lililopakwa. Ligeuze uangalie na chini, maana wapakaji hupenda kuficha kazi yao huko. Tazama pia kama kuna mng'ao wa rangi rangi unaoelea juu ya uso, kama wa povu la sabuni. Jiwe ambalo halijafungwa kwenye pete liweke kwenye bakuli jeupe lenye maji, kifudifudi: mara nyingine utaiona rangi imejikusanya juu juu, katikati pamefifia. Usijaribu kulikwangua kwa kisu wala kulisugua kwa asetoni. Utapata jibu na utakuwa umelipoteza jiwe. Ukiwa na mashaka na jiwe la thamani, lipeleke maabara.

Dukani uliza waziwazi: "Limechomwa tu, au limepakwa?" Jibu liandikwe kwenye risiti. Muuzaji mwaminifu haoni tabu kuandika neno moja. Binafsi sioni ubaya wa jiwe lililopakwa likiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Ubaya ni kumficha mtu asijue alichonacho, maana asiyejua atalisafisha kama alivyozoea, na mazoea yetu ya nyumbani ni makali mno.

Dawa ya meno, majivu, magadi, ndimu, stili waya: vyote hivyo viwe mbali. Hata vumbi lenyewe. Vumbi letu limejaa chembe za mchanga, na mchanga una ugumu wa 7, kwa hiyo kulifuta jiwe kavu kwa pindo la kanga ni kulipiga msasa. Kwanza maji, ndipo kitambaa. Tia maji ya vuguvugu kwenye bakuli na matone mawili ya sabuni laini ya maji, lowesha pete dakika chache, pitisha ncha ya kidole juu ya jiwe pole pole. Brashi laini ya mtoto itumie kwenye fedha au dhahabu tu, usiifikishe kwenye jiwe. Suuza kwenye bakuli la pili, wala si juu ya sinki lililo wazi. Kausha kwa kugandamiza kipande cha kanga iliyochakaa, bila kusugua.

Pete ivuliwe kabla ya kusugua masufuria, kukanda unga, kufua kwa jiki na kuogelea kwenye bwawa lenye klorini. Usiku wa hina ivuliwe pia, maana hina yetu ina ndimu. Manukato jipulizie kwanza, vito vivae mwisho. Na kila pete ikae kwenye kifuko chake. Bangili na hereni zikirundikwa kwenye kopo moja, zinakwaruzana usiku kucha.

Ukienda kwa fundi, mwambie kabla hajagusa. Jiwe litolewe kabla ya moto, lisiingie kwenye asidi, wala kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo, wala kwenye mvuke. Kung'arisha kumalizike kabla jiwe halijarudishwa. Mimi siku hizi naandika "limepakwa" kwenye daftari na kwenye bahasha ya kazi, ili hata msaidizi wangu asikosee.

Rangi ikishachubuka, hakuna fundi wa mtaani atakayeirudisha. Utando ule huwekwa kwa mitambo ya kiwandani. Kwa topazi, kununua jiwe jingine la kipimo hicho hicho ni nafuu. Tanzanaiti ina njia nyingine. Mama mmoja wa Moshi aliniletea ya kwake ikiwa na madoadoa kama shati lililomwagikiwa jiki. Tukakubaliana, nikampelekea mkataji aondoe utando wote na kuling'arisha upya. Likatoka na urujuani mwepesi kama ua la mjakaranda lililoanza kukauka. Alilitazama muda mrefu, akalivaa, akaniuliza mbona walilifunika.