Insha ya kuombea chuo: anza na daftari la dagaa, ndoto za utotoni ziache

Kwanza tuelewane. Kama unaomba vyuo vya hapa hapa Bongo, insha huhitaji, wao wanaangalia matokeo tu, kwa kawaida prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu (A ni 5, E ni 1) pamoja na vigezo vya kozi yenyewe, unajaza kwenye mfumo wa chuo unasubiri. Haya ninayoandika ni ya wale wa fomu siksi wanaotaka kujaribu na nje, au wanaowinda skolashipu, kule wanataka wakusome na wewe mwenyewe.

Mimi niko Kigoma mjini, madogo huwa wananiletea insha zao nizipitie na siku hizi sentensi ya kwanza naijua kabla sijafungua: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya..." Ya pili ni elimu ni ufunguo wa maisha. Jamani! Anayesoma ana rundo mezani na wote wana ndoto na wote wana ufunguo.

Kuna dogo mmoja aliniletea hiyo hiyo, anataka kusoma uchumi, imejaa maendeleo ya taifa na utandawazi mpaka nikachoka. Nikamwambia weka chini, niambie nyumbani kwenu unafanya kazi gani. Akasema mama anauza dagaa pale mwaloni Kibirizi, yeye ndo mshika daftari la madeni. Basi nikamchokonoa, ikatoka kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia katikati ya Mei dagaa hakuna, wakawa wanaishi kwa kukusanya yale madeni, na yeye kwenye daftari akagundua wanaodaiwa elfu mbili mbili wanalipa fasta kuliko wale wakubwa wa laki, akaanza kujiuliza kwanini, mpaka akabishana na mama yake nani akopeshwe ziwa likifunguliwa. Hapo ndo penyewe! Uchumi wote uko kwenye lile daftari na alikuwa ameuacha nyumbani.

Kwa hiyo usianze kuandika. Chukua karatasi uorodheshe vitu unavyovifanya kwa mikono yako, hata vya kijinga. Wa Tabora atakuwa na mizinga ya nyuki ya babu yake huko porini, wa Uvinza ana chumvi, mwingine anachaji simu za mtaa mzima. Chagua kimoja ambacho kiliwahi kukufanya ujiulize swali, afu jirekodi voisi ya dakika tatu kama unamwelezea mshkaji, kwa Kiswahili au Kiha au chochote. Sikiliza, andika ulivyosema. Kiingereza kinakuja mwishoni kabisa, na kiwe Kiingereza chako cha kawaida, yale maneno marefu ya kwenye kamusi yanakusaliti mapema sana.

Ukimaliza itakuwa ndefu. Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, mwisho ni maneno 650, na dogo wangu alikuwa na 1,100. Futa aya ya kwanza yote, nakuambia ukweli mara nyingi haina kitu, ulikuwa unapasha misuli tu. Uingereza ni tofauti kidogo, pale UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya huko, kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea maswali ni matatu: kwanini kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini. Yote kwa pamoja herufi 4,000 ukihesabu na nafasi, na kila jibu lisipungue 350. Kwa hiyo daftari la dagaa linakaa swali la tatu, usilitupie kila mahali.

ChatGPT najua mtaitumia, ila iulize tu wapi hujaeleweka. Ikikuandikia, mama yako anageuka "mjasiriamali mwenye ustahimilivu" na harufu ya dagaa imepotea.

Mwalimu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza mwombe mapema, kabla ya mtihani wa Mei, maana mkishamaliza kumpata ni kazi, na mpe karatasi ya mambo uliyofanya, asikuandikie tu kwamba una nidhamu. Jina lako liwe lile lile la kwenye cheti kila mahali, Juma wa cheti asiwe Jumaa wa fomu.

Na usiandike moja kwa moja kwenye fomu pale steshenari! Umeme ukikatika umeanza upya, andika kwenye simu afu upesti. Dedilaini pia iangalie ni ya saa za wapi, ile ya UCAS ya katikati ya Januari inafungwa saa kumi na mbili jioni ya Uingereza, kwetu ni saa tatu usiku, na bando liwe limeshawekwa toka asubuhi.