Kuzunguka Visiwa vya Lamu kwa Jahazi Pamoja na Marafiki: Anzeni na Mwezi

Marafiki wanaopanga safari ya siku nne kutoka Lamu hadi Pate na Kiwayu huanza kwa kutafuta chombo na kugawana gharama, ilhali jambo la kwanza ni kutazama mwezi, kwa kuwa huku maji ndiyo yanayoamua saa ya kuondoka.

Hatua ya kwanza, basi, ni tarehe. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata maji huchelewa kujaa kwa takriban dakika 50. Mimi hupendelea kuondoka siku tatu kabla ya mwezi mpevu, kwa sababu maji hujaa mnamo saa saba na nusu mchana, nasi hupita Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, maji yakiwa bado yanapanda. Jambo hili lina uzito mkubwa: chombo kikipanda fungu la mchanga maji yakijaa, kitaelea chenyewe baada ya muda mfupi, kikipanda maji yakipwa, mtangoja saa nyingi, na kama bamvua imeshapita kilele, maji yanayofuata huenda yasifike kimo kile kile.

Hatua ya pili ni upepo. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo wa kwenda Kiwayu ni wa omo, yaani wa usoni, hivyo nahodha atapiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, au atawasha mashine, lakini kurudi ni raha tupu. Kusi ikishika, hasa Juni na Julai, bahari ya nje huchafuka, nami siwashauri wageni kutoka nje ya visiwa.

Hatua ya tatu ni nahodha. Kagueni pamoja naye majaketi ya kuokolea, farumi (uzito wa kutuliza chombo) na mashine, kisha kubalianeni mapema kwamba akisema hatuondoki, hakuna atakayebishana naye.

Chukueni maji matamu lita 5 kwa kila mtu kwa siku.

Maswali yanayoulizwa

Swali: Je, tunaweza kupitia magofu ya Takwa siku hiyo hiyo?

Jibu: Takwa, mji wa Manda uliohamwa katika karne ya 17, hufikiwa kwa kijito kinachopita katikati ya mikoko, nacho huingilika maji yakijaa tu. Mkiingia huko wakati huo, Mkanda mtaupita maji yakipwa. Itengeeni siku yake, na msikawie magofuni, kwani kijito hukauka haraka.

Swali: Kiwayu kuna kibali?

Jibu: Kiwayu imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, kwa hiyo ulizeni ada kabla ya kuondoka. Kwa kuwa mpaka wa Somalia uko karibu, ulizeni pia hali ya usalama kwa polisi wa Lamu, na mkiambiwa msiende, ishieni Pate. Ngome ya Siyu pekee inatosha kuwashughulisha asubuhi nzima.

Swali: Wenzetu wawili hawajui kuogelea. Tuwaache?

Jibu: Hapana. Wavae majaketi tangu gatini, wakae katikati ya chombo, na nahodha aambiwe kabla nanga haijang'olewa.