Lori la mizigo ya haraka: angalia RPM kabla ya nguvu za farasi

Ukienda kukagua kichwa cha lori cha mtumba kwa ajili ya mizigo ya haraka (dawa, samaki, vipuri vya migodini), kiendeshe hadi 80 km/h kwenye tambarare, gia ya mwisho, kisha soma mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ukisimama kwenye 1,200 hivi, ndani ya eneo la kijani la saa hiyo, difu yake (gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha matairi) ni ya safari ndefu. Ukipanda hadi 1,600 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa lilikuwa tipa au lori la ujenzi, hata kama dalali anakuapia farasi 480. Utafika, ila dizeli utaijua. Na Tanzania lori haliruhusiwi kuzidi 80 barabara kuu, kwa hiyo hapo ndipo injini yako itakapoishi siku nzima.

Huhitaji tela wala mzigo. Gia ikishashika, RPM kwa mwendo ule ni ileile, tupu au limejaa.

Kipimo hiki kinadanganya kama matairi ya nyuma si ya saizi ya asili, au spidi mita ni mbovu. Linganisha na GPS ya simu. Gia za otomatiki hakikisha zimefika ya mwisho kweli. Na kama kazi yako ni kupanda mlima Kitonga na tani 28 kila wiki, difu ndefu mno (yenye RPM ya chini sana) itakuchosha mlimani. Hapo kubali RPM ya juu kidogo.