Hesabu Iwe Ndiyo Mchezo

Gemu yangu ya kwanza ya kufundisha hesabu ilikuwa hivi: jibu 7 × 8, ukipata, unapewa risasi za kupigia mazimwi. Watoto wa klabu yetu ya kompyuta hapa Jinja, Uganda, wakawa wanabonyeza jibu lolote lile, mbio mbio, ili wafikie risasi. Sikuwalaumu. Hesabu niliisimamisha getini kama askari, nani anampenda askari wa getini?

Ya pili ni kibanda cha rolex, chapati yetu ya kuviringishia mayai. Mteja anachukua rolex ya 2,500 na chai ya 700, anatoa noti ya 5,000. Mchezaji anaburuta chenji kutoka kwenye kopo la pesa. Akizidisha, kopo linapungua. Akipunja, mteja ananuna na kuondoka. Sikuweka alama nyekundu wala mlio wa kukosea. Tayari mwaka 1981 mtafiti Mmarekani Thomas Malone alitaja changamoto, hadithi na udadisi kuwa ndivyo vinavyonogesha gemu, akashauri hadithi na ujuzi vitegemeane. Basi ijaribu gemu yako: toa hesabu. Ikiendelea kuchezeka, ujue uliibandika tu.

Ugumu upandishe polepole. Mimi naanza na mteja mmoja na sarafu za 500 pekee. Mchezaji akihudumia watano bila kosa, foleni inarefuka. Akikosea mara mbili, mrudishe nyuma kimyakimya. Niliwahi kuandika kwenye skrini "Umeshuka ngazi". Binti mmoja akainuka, hakuonekana wiki mbili.

Nyota na medali zipunguze. Afadhali faida imnunulie kikaango cha pili au nyanya za kuongeza kwenye rolex, maana bei mpya zinaleta hesabu mpya.

Mimi natumia Scratch, programu ya kutengenezea gemu: ni ya bure, na ukishaiweka kwenye mashine haidai intaneti. Hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache. Umeme wetu unaujua.

Kisha wakalishe watoto wawili kwenye mashine moja, nawe ufunge mdomo. (Hapo ndipo pagumu kuliko kote; ulimi unawasha.) Wakikwama, andika walipokwama, usiwaokoe. Juzi nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Sarafu za mia usizimalize, yule wa nyuma anataka chai."

Sikumfundisha hilo.