Kuchagua Mapezi ya Kupigia Mbizi: Anza na Mguu, Kisha Ubapa

Anayenunua mapezi ya kupigia mbizi kwa mara ya kwanza huvutiwa na ubapa, yaani sehemu bapa inayosukuma maji: urefu wake, rangi yake, na iwapo umepasuliwa katikati. Ushauri wangu ni kwamba aanze na sehemu inayoshika mguu, kwa sababu pezi linalobana vidole au kuchubua kisigino humharibia mtu mbizi nzima, hata ubapa wake uwe mzuri kiasi gani.

Aina ya kwanza hufunika mguu wote kama kiatu na huvaliwa bila buti. Ni nyepesi na haijazi begi la safari. Aina ya pili iko wazi kisigino, hufungwa kwa mkanda, na huvaliwa juu ya buti za neopreni, mpira laini unaohifadhi joto. Wauzaji wengi husema kwamba kwenye maji ya vuguvugu kama ya pwani yetu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 25 na 29, aina ya kwanza inatosha. Kwa upande wa joto, wanasema kweli. Lakini katika pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mfano Matemwe, ambako wapiga mbizi wengi huondokea kwenda kisiwa cha Mnemba, maji yakipwa hurudi mbali, boti hungoja nje, na mtu hulazimika kutembea kwenye maji ya magotini juu ya mawe na matumbawe makali. Hapo buti zinahitajika hata kama hakuna baridi, na mapezi ya mkanda ndiyo yanayofaa. Anayepandia boti gatini hana haja hiyo.

Ukichagua ya mkanda, nunua buti kwanza, kisha uyajaribu mapezi ukiwa umezivaa. Keti, inua mguu, utikise: pezi lisicheze, na vidole viweze kusogea bila kukunjamana. Mkanda wa springi ni bora kuliko wa mpira wenye vifungo, kwani hauhitaji kukazwa kila mara na ni rahisi kuuvuta boti ikiyumba.

Sasa ubapa. Ulio mgumu hutoa nguvu nyingi kwa kila teke, lakini humchosha asiye na mazoezi na huweza kumkaza misuli ya shavu la mguu. Uliopasuliwa katikati hupunguza mzigo magotini na vifundoni, na humfaa anayepiga miguu kwa zamu, juu na chini, mwendo mfupi mfupi. Udhaifu wake huonekana unapotaka kugeuka mahali pamoja, kurudi nyuma, au kupiga miguu kama chura. Kwa kazi hizo ubapa mzima, mpana na mfupi, hauna mpinzani. Mimi nauthamini zaidi huo, kwa kuwa teke la chura husukuma maji nyuma badala ya chini, mchanga hautimki, na matumbawe yaliyo chini yako hayaguswi. Ubapa mrefu wa wanaozama kwa pumzi moja tu uache huko huko. Karibu na mwamba ni rahisi kuvunja nao tawi la tumbawe bila hata kuhisi.

Wapo wanaonunua ubapa mgumu kwa kuihofia mikondo ya Pemba, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Utakusaidia kuvuka hatua chache hadi nyuma ya jabali, lakini hakuna pezi linaloshindana na mkondo mkali. Huko mbizi hupangwa kwa kufuata maji, na boti huwafuata wapiga mbizi kutoka juu.

Uzito nao uangaliwe. Mapezi ya mpira mtupu huzama, hivyo humfaa mtu ambaye miguu yake huelea na kumwinamisha kichwa, ilhali mwenye miguu inayozama atastarehe zaidi na ya plastiki nyepesi. Kama kituo cha mbizi kinakodisha vifaa, omba aina mbili tofauti kwa mbizi mbili za siku moja kabla ya kutoa fedha zako. Ukishanunua, yasuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, yakaushe kivulini, na uyalaze. Yakisimamishwa kwa ncha, ubapa hupinda.