Ukitoka kutazama picha, andika kabla hujasahau

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Daftari langu la vipimo vya wateja, ukiligeuza kichwa chini, ndilo la picha ninazozitazama kwenye maonyesho. Maandishi yangu ya kwanza humo: "Nzuri sana, inagusa moyo." Wiki moja baadaye sikukumbuka hata ilikuwa picha gani.

Kwa hivyo, ukisimama mbele ya picha, usianze na maelezo yaliyobandikwa pembeni. Ukiyasoma mwanzo, utatafuta yaliyoandikwa humo na mengine yote yatakupita. Anza na kitu ambacho mikono yako inakijua. Seremala na atazame fremu. Mimi, kwa mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, nilianza na kitambaa, maana rangi zake za mafuta hazipaki kwenye kanvasi ya kawaida. Anatumia lubugo, lile gome la mti wa mutuba ambalo Waganda huliponda kwa nyundo za mbao mpaka likatanuka likawa nguo. Sogea ubavuni mwa picha, mwanga uipige kwa upande, utaona viungo vya mishono, makunyanzi, hata matundu. Niliandika: "Tundu limeachwa wazi. Mimi ningetia kiraka, tena ningeona haya."

Sentensi ya namna hiyo ndiyo unayoitafuta. Haimsifu mtu, na hakuna mwingine angeweza kukuandikia.

Sasa soma maelezo. Mimi ndipo nilipojua kwamba zamani Waganda walizikia wafu wao kwa lubugo. Nikarudi kutazama: kumbe watu wote wale wamechorwa juu ya sanda! Hilo nalo likaingia daftarini, chini ya lile la kiraka, bila kufuta kitu. Na usichokipenda kiandike vilevile. Rangi zake nyingine naziona tamu mno, kama halua iliyozidi sukari.

Picha za kamera zina swali lake: nini kimewekwa mbele ya lenzi, na kwa nini hicho? Zanele Muholi wa Afrika Kusini alijipiga picha mwaka 2015, akaiita *Bester I, Mayotte*. Ngozi nyeusi tii, midomo imepakwa nyeupe, na kichwani vibanio vya kuanikia nguo vimepangwa kama taji, vingine vinaning'inia masikioni mithili ya herini. Nilicheka. Nikaandika kwamba nimecheka. Baadaye nikasoma kuwa Bester ni jina la mama yake, aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu kwa zaidi ya miaka 40. Kicheko kilinikatika, ila sikukifuta. Nilitia tarehe mbili, ya kicheko na ya siku kilipokatika.

Vibanio vyangu nimevitia kwenye kopo, juu ya meza ya cherehani. Juzi mteja kaja kuchukua gauni lake, akanikuta nimekibana kimoja sikioni, najaribu kuona kinauma kiasi gani. Kinauma.