Viazi mviringo kwenye viroba hapa Dodoma

Nimezaliwa Makete, kwenye baridi na viazi. Nilipohamia Nkuhungu nilidhani ujuzi wa kwetu unatosha. Mvua ya Desemba ilipoanza, nikafukia viazi nilivyonunua sokoni. Mashina yakarefuka, membamba. Februari yakaanza kulegea mchana huku majani bado ni ya kijani, nami nikazidi kumwagilia. Yalikufa yote. Chini nilikuta viazi kama gololi, vingine vikitoa uteute.

Kosa la kwanza lilikuwa majira. Kiazi hutunga vizuri udongo ukiwa na ubaridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Usiku ukiwa wa joto, mmea hujaza majani tu. Sasa napanda Mei, mvua zikishakatika, ili vitunge Juni na Julai, wakati asubuhi zetu zinadai sweta.

Kosa la pili, tena baya zaidi, ni mbegu. Kiazi cha kula kinaweza kuonekana kizima kumbe kimebeba mnyauko bakteria, ugonjwa unaonyausha mmea mzima. Tafuta mbegu kwa mzalishaji anayekaguliwa. Aina kama Asante na Sherekea zinafahamika. Chagua viazi vya ukubwa wa yai la kuku, uvipande vizima, maana kisu huhamisha ugonjwa. Kwanza vitandaze penye mwanga, pasipo jua kali, wiki 2 au 3, vitoe machipukizi mafupi manene. Ukiviweka gizani vitatoa marefu meupe yanayokatika ukiyagusa.

Kiroba cha kilo 50 kitoboe chini, ukikunje hadi nusu. Ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa. Udongo uchukue palipolimwa mtama au mahindi, kamwe si palipokuwa na nyanya, bilinganya au pilipili, kwa kuwa hizo ni ndugu wa kiazi na magonjwa yao ni mamoja. Weka mbegu mbili, sentimita 10 chini. Mashina yakifika sentimita 20, kunjua kiroba na upandishie udongo, yabaki majani ya juu tu. Rudia yakikua tena. Kiazi kikipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa na sumu, na kikiwa wazi nondo wa viazi hutagia mayai. Juu natandaza maganda ya karanga, kwa sababu upepo wa Julai hukausha udongo haraka. Mwagilia asubuhi, shinani, si majani.

Mmea ukinyauka na udongo una unyevu, usiongeze maji kama nilivyofanya mimi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Toa kiroba kizima, choma mmea na viazi vyake, na udongo ule usiupeleke bustanini. Osha jembe na mikono. Hapo ndipo ninapokipendea kiroba: kikiugua kimoja, vingine vinapona.

Madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara kwenye majani ya chini ni bakajani tangulizi. Chuma majani hayo mapema. Yakizidi, nyunyiza mankozebu, dawa ya kuvu, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Bakajani chelewa, ile ya madoa meusi inayofagia shamba kwa siku chache huko kwetu kwenye ukungu, katika kiangazi cha hapa sijaiona.

Kati ya siku 90 na 120 majani hukauka. Acha maji, subiri wiki 2 ngozi ikaze, kisha mwaga kiroba. Vya kula naweka gizani. Vya mbegu natenga kutoka viroba ambavyo havikunyauka hata shina moja, navyo nikishapanda misimu miwili nanunua mbegu mpya.